Pumu Ikikaba Usiku, Usingoje Kukuche

Kila anayeishi na mgonjwa wa pumu anaijua saa yake. Mchana kutwa mtu anakohoa kidogo na kusingizia vumbi. Ikifika saa nane au tisa za usiku kifua kinaanza kupiga mluzi, anaketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yamepanda. Hapo ndipo nyumba nyingi hupoteza muda. Mmoja anatafuta mafuta ya kuchua, mwingine anachemsha majani ya kujifukizia, na wa tatu anasema tuvumilie, asubuhi iko karibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 pumu iliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati ngazi ya chini, kama zetu. Ni ugonjwa wenye dawa, na dawa zenyewe zimekuwapo kwa miongo mingi. Inaniuma kuona mtu anakufa akingojea jua.

Kinachotokea kifuani ni mambo matatu kwa pamoja: misuli inayozunguka njia za hewa inakaza, kuta za njia hizo zinavimba, na ute mzito unaziba upenyo uliobaki. Salbutamoli, ile dawa ya kuvuta ambayo mara nyingi huja kwenye inhela ya bluu, inalegeza misuli ndani ya dakika chache. Uvimbe haiuondoi. Ndiyo maana mtu anaweza kupata nafuu saa tisa na akabanwa tena saa kumi na moja, vibaya kuliko mwanzo.

Mtu akibanwa, mketishe wima, aegemee mbele kidogo, nguo za shingoni zilegezwe. Usimlaze. Toeni watu chumbani, fungueni dirisha, na kama kuna udi, ubani au dawa ya mbu inayofuka, itolewe nje. Kisha salbutamoli: tikisa inhela, atoe pumzi, abane mdomo kwenye inhela, abonyeze huku akianza kuvuta polepole, halafu azuie pumzi kwa sekunde 10 akiweza. Mtu mzima avute mara 4, moja baada ya nyingine, si kwa mkupuo mmoja. Ngoja dakika 4. Kama hajapata nafuu, arudie mara 4 nyingine, na wakati huohuo mtu wa pili awe anatafuta usafiri. Mikono itatetemeka na moyo utakwenda mbio; dawa ndivyo inavyofanya, wala si sababu ya kuiacha. Mtoto apewe kiasi alichoandikiwa, na anayetumia inhela ya dawa mbili, budesonidi na formoteroli, afuate maelekezo aliyopewa na daktari wake. Kujifukiza kuacheni kabisa saa hiyo: mvuke wa moto unaweza kumuunguza na kumzidishia kubanwa.

Wengi hawanufaiki na inhela kwa sababu dawa inaishia ulimini. Anayehema haraka hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja, na mtoto ndiyo kabisa. Hapo inatakiwa spesa, chombo kinachoshika dawa ili mtu aivute kwa utulivu. Kama huwezi kuinunua, chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita inafaa. Heather Zar na wenzake huko Cape Town waliijaribu kwa watoto waliobanwa na pumu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa chupa ya mililita 500 ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Toboa kitako cha chupa kwa waya uliopashwa moto, tundu lilingane na mdomo wa inhela ili ikae bila kuvujisha hewa. Mgonjwa anaweka midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi mara 4 humohumo, ndipo unabonyeza tena. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ikauke yenyewe. Ukiisugua kwa kitambaa, dawa itanata kwenye plastiki. Itengeneze leo, kabla hujaihitaji.

Kuna dalili ambazo hazingojei hata hizo dakika 4. Hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja. Nyama za katikati ya mbavu na shimo la shingoni zinadidimia kila anapovuta hewa. Mtoto anashindwa kunyonya au kunywa. Midomo, ulimi au fizi zimegeuka rangi ya kijivu au bluu. Kwa ngozi yetu nyeusi tazama ndani ya mdomo, maana usoni hutaiona. Anasinzia au anachanganyikiwa. Na ile inayodanganya kuliko zote: mluzi unanyamaza huku mtu bado anahangaika. Watu hushukuru wakidhani amepoa, kumbe hewa inayopita ni kidogo mno hata kutoa sauti. Ondokeni hapo hapo, mkiendelea kumpa dawa njiani.

Usafiri upangwe mchana. Weka kwenye simu namba za madereva wawili wa teksi au bajaji wanaokubali kuamshwa usiku. Pikipiki ni hatari kwa mtu anayeishiwa nguvu; kama hakuna kingine kabisa, asiachwe kukaa bila mtu wa kumshika kwa nyuma. Siku yoyote ukipita kwenye zahanati ya karibu, uliza kama usiku wana oksijeni na nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu wa kuvuta. Wasipokuwa navyo, jua mapema kituo cha afya au hospitali iliyo navyo na uende huko moja kwa moja.

Mkifika, msipange foleni ya kadi mkanyamaza. Mwambie muuguzi wa zamu kwa sauti: ana pumu, amebanwa tangu saa fulani, amevuta salbutamoli mara kadhaa na haijashika. Mwonyeshe dawa zote anazotumia, na useme kama amewahi kulazwa kwa pumu. Watampima oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, watampa dawa ya kuvuta kwa kurudia, oksijeni ikihitajika, na mara nyingi vidonge vya prednisoloni vya kupunguza uvimbe. Ndugu wengi hudai sindano. Aminofilini, iliyokuwa ikichomwa sana zamani, inaweza kuvuruga moyo, na miongozo ya sasa haiipendekezi kwa kawaida. Dawa za kuua bakteria nazo zina kazi pale tu penye dalili za maambukizi hayo.

Akipata nafuu, msikimbilie kuondoka. Aangaliwe kwanza, maana ule uvimbe bado upo. Kabla ya kutoka, muulize daktari: prednisoloni tunaimaliza lini? (Mtu mzima kwa kawaida siku 5 hadi 7, mtoto 3 hadi 5.) Tunarudi kliniki siku gani? Isipite wiki moja. Na swali ambalo wagonjwa wengi hawaulizi: dawa yake ya kinga iko wapi?

Dawa ya kinga ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni au budesonidi. Ndiyo inayotuliza uvimbe, na hutumika kila siku hata mtu akiwa mzima, kisha anasukutua mdomo kwa maji na kuyatema. Mitaani husemwa kwamba ukianza inhela hutaiacha, kwamba ni hatua ya mwisho ya ugonjwa. Maneno hayo yameua watu. Steroidi ya kuvuta ni kiasi kidogo kinachokwenda mahali penye ugonjwa, na hata mjamzito asiiache bila kauli ya daktari, kwa sababu kukosa hewa kunamhatarisha mama na mtoto. Inayotakiwa kutia hofu ni ile ya bluu ikitumika peke yake. Kopo lake huwa na mibonyezo 200. Anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Anayemaliza kopo kila mwezi, hatari yake ya kufa imepanda, na amwone daktari wiki hii. Andika tarehe ya kuanza kwenye kopo, maana kulitikisa hakukuambii kilichobaki.

Mtoto anayesoma bweni ana tatizo lake. Shule nyingi hukusanya dawa na kuzifungia kabatini kwa matroni, na usiku ufunguo huwa na mtu aliyelala. Nenda na barua ya daktari inayosema inhela ikae mfukoni mwa mtoto, na nyingine ya akiba ibaki ofisini. Waonyeshe mwalimu wa zamu na rafiki anayelala kitanda cha jirani jinsi ya kuitumia, na wape namba yako.