Nywele za Medusa, mkono wa Kibantu

Wanaosifu Binti, mfululizo wa riwaya fupi tatu za kisayansi za Nnedi Okorafor (2015–2018), huanza na chombo cha angani kilicho hai au chuo kikuu cha sayari nyingine. Mimi nausifu kwa sababu ya neno moja: okuoko.

Binti ni msichana wa Kihimba kutoka Namibia. Akiwa safarini kwenda chuoni, chombo chao kinavamiwa na Meduse, viumbe wenye minyiri mirefu. Sisi tuliosoma Kifaransa tunamtambua mara moja mnyama wa baharini, na nyuma yake Medusa wa Wagiriki, mwenye nyoka kichwani badala ya nywele. Baadaye Binti anachomwa mwiba wa Meduse, na nywele zake, alizozoea kuzipaka otjize, yaani udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta, zinageuka minyiri. Minyiri hiyo ndiyo okuoko.

Msomaji wa Kiingereza huenda akadhani hilo ni neno la viumbe wa angani. Lakini Wahimba husema Kiherero, lugha ya Kibantu, na humo okuoko ni mkono. Wingi wake omaoko. Liweke kando ya ukuboko na amaboko ya Kinyarwanda, au loboko na maboko ya Lingala. Mzizi ni uleule. Kiherero kimedondosha b tu.

Hapo ndipo hadithi ya kale inapinduliwa. Kwa Ovid, mshairi wa Kirumi, nywele za Medusa ni adhabu ya mungu wa kike, na anayemtazama hugeuka jiwe. Kwa Okorafor, nywele zimekuwa mkono: Binti amekuwa jamaa ya adui na mpatanishi wake. Gharama ipo. Akirudi nyumbani katika kitabu cha pili, ndugu zake wanamlaumu vikali.

Jina lake, hata hivyo, linanisumbua. Ni letu sisi Waswahili, tena kwa njia ya Kiarabu, si la Kihimba. Na mfasiri wa Kiswahili atahangaika na sentensi kama «binti alinyamaza». Na okuoko je? «Mikono kichwani» itachekesha, «minyiri» itaua mzizi. Ningeliacha lilivyo, bila maelezo chini ya ukurasa. Msomaji Mnyarwanda au wa Kinshasa atalisikia mwenyewe.