Tovuti Iliyokamilika Kabla ya Msomaji Kufika

Endebess iko chini ya Mlima Elgon, kaskazini-magharibi mwa Kitale, kwenye barabara inayoelekea mpaka wa Suam. Mambo ya kuandika huku ni tele: mahindi ya mbegu, mashamba ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo (ADC), lango la Chorlim la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, pango la Kitum ambamo ndovu huingia gizani kuchokora chumvi ukutani. Kinachokosekana ni mahali ambapo maandishi hayo yatadumu. Katika mitandao ya kijamii, makala ya jana huzikwa chini ya picha za leo, na tovuti ya kulipiwa kila mwezi hufa mfuko wa kikundi unapokauka. Yafuatayo ni maswali ambayo walimu, vijana na wakulima wa kuanzia huku hadi Bungoma huuliza wanapotaka tovuti ya makala yao wenyewe, pamoja na majibu ya fundi.

Fundi, tovuti tuli ni nini? Mbona tusitengeneze ya WordPress kama wengine?

Tovuti ya WordPress, kwa kawaida yake, huunda ukurasa pale msomaji anapouomba. Seva hupokea ombi, huamsha programu, programu huitafuta makala katika hifadhidata, huivika kichwa na menyu, ndipo ukurasa hutumwa. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila anayebisha, hata kama makala haijaguswa tangu mwaka jana. Zipo njia za kuipunguza, lakini mtambo wenyewe unabaki pale nyuma ukihitaji kulipiwa, kulindwa na kusasishwa.

Tovuti tuli huifanya kazi yote mara moja, wakati wa kuchapisha. Mwenye kupeleka debe lake la mahindi mashineni hupanga foleni asubiri kusagiwa. Anayenunua unga uliokwisha kufungwa hulipa na kwenda zake. Msomaji wa tovuti tuli ni huyo wa pili: anapewa faili iliyokamilika.

Jambo hili si geni. Kurasa za kwanza kabisa za wavuti, za Tim Berners-Lee kule CERN, zilikuwa faili za namna hii. Kilichoongezeka ni vyombo vya kuziunda. Jekyll ya Tom Preston-Werner ilitoka 2008, Hugo ya Steve Francia ikafuata 2013, na leo kuna Eleventy, Astro na vingine. Unavipa maandishi na kiolezo cha sura, navyo vinakutolea kurasa zote za HTML. Hugo huzimaliza kurasa elfu kwa sekunde chache tu kwenye kompyuta ya kawaida.

Na huu mfumo wa maudhui usio na sura tunaousikia, unaingia wapi?

Unaingia kwa mwandishi. Vyombo nilivyovitaja vinataka faili za maandishi zilizopangwa kwa utaratibu wake, na si haki kumwambia mkulima ajifunze amri za kompyuta ndipo aandike kuhusu shamba lake.

Katika WordPress, mahali pa kuandikia na sura ya tovuti vimeshonwa pamoja. Mfumo usio na sura, ambao mafundi huuita CMS ya hedilesi, hukata mshono huo. Unampa mwandishi fomu ya kujaza na hifadhi ya kazi yake, basi. Haujui tovuti ina rangi gani wala menyu yake iko upande gani. Mwandishi akibonyeza "Chapisha", mfumo hutuma ishara kwa mashine ya kujenga. Mashine huyachota maandishi, huyapitisha katika kiolezo, na kurasa mpya husambazwa kwenye seva. Kwa tovuti ndogo, shughuli nzima ni ya dakika moja au mbili.

Faida yake hasa huonekana baadaye. Sura ikichakaa, mtaibadilisha bila kugusa makala hata moja. Mkitaka programu ya simu, itayachota maandishi yale yale.

Tuanze na nini? Tununue jina, tuchague rangi, ama tutafute mtengenezaji?

Anzeni na daftari. Kaeni mjadiliane makala yenu ina sehemu gani, kwa sababu hapa ndipo tovuti nyingi hupotea njia, na hapa ndipo ningependa mtumie muda mrefu kuliko popote.

Chukueni mfano wa viwavi jeshi vamizi, waliothibitishwa Kenya mwaka 2017 na kaunti yetu ya Trans-Nzoia ikawa miongoni mwa za kwanza kuumizwa. Makala kuhusu wadudu hao inaweza kumwagwa kama maandishi marefu yasiyo na vyumba. Inaweza pia kugawanywa: kichwa, muhtasari wa sentensi moja, tarehe, mwandishi, zao, aina ya mbegu, hatua ya mmea, wadi, yaani Endebess, Chepchoina au Matumbei, picha, maelezo ya picha, kisha makala yenyewe. Picha iwe ya kumwonyesha mkulima alama ya Y iliyopinduliwa kichwani mwa kiwavi na madoa manne karibu na mkia, na maelezo yake yaseme hivyo kwa maneno, kwa sababu kuna wasomaji wasioona na kuna simu ambazo picha hazifunguki.

Vyumba hivyo vikishajazwa, chombo cha kujenga kinaweza kuwatengenezea ukurasa wa "mahindi, Chepchoina" bila mtu kuuandika, na mwingine wa kila mwandishi, na mwingine wa msimu wa kupanda. Mkulima anayekagua shamba mwezi wa Mei hatafuti makala mpya zaidi. Anatafuta inayohusu mmea wenye urefu wa goti. Makala zisizo na vyumba haziwezi kumjibu.

Lakini msiongeze vyumba kwa tamaa. Chumba ambacho hakuna atakayekijaza kwa uaminifu ni afadhali kisiwepo.

Mtandao huku hupotea, hasa ukielekea Suam, na bando ni ghali. Tovuti tuli itasaidia kweli?

Itasaidia sana, mradi muwe wakali kuhusu picha. Makala ya maneno 1,500 ni takriban KB 10 za maandishi. Picha moja iliyotoka kwenye simu bila kupunguzwa inaweza kuwa MB 4. Kwa hivyo picha hiyo moja inakula bando la makala mia nne! Mwambieni fundi wenu aweke kanuni kwamba kila picha ipunguzwe hadi upana wa pikseli 800 hivi na igeuzwe kuwa WebP wakati wa kujenga. Hugo hufanya hivyo yenyewe, na mara nyingi picha hushuka chini ya KB 100. Kataeni pia mapambo ya herufi yanayopakuliwa kutoka mbali na picha zinazojibadilisha juu ya ukurasa.

Jambo la pili ni umbali. Faili tuli hunakiliwa kirahisi katika seva nyingi, na kampuni kama Cloudflare ina seva Nairobi na Mombasa. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Afrika Mashariki ilidorora kwa siku kadhaa. Msomaji ambaye ukurasa wake umehifadhiwa ndani ya nchi hategemei waya wa bahari kwa kiasi kile kile.

Kati ya mifumo isiyo na sura iliyopo, sisi tuchague upi?

Strapi ni mfumo mzuri na uko wazi kwa yeyote kuutumia, ila unahitaji seva na hifadhidata zinazokesha. Kikundi kisicho na fundi wa kudumu kiuache kwa sasa. Contentful iliyoanzia Berlin na Sanity iliyoanzia Oslo hukaa kwenye seva za wenyewe, zina viwango vya bure, na fomu zake ni safi. Lakini maandishi yenu yanaishi kwao, na masharti ya bure yanaweza kubadilika. Mkizichagua, jifunzeni siku ya kwanza namna ya kuyatoa yote.

Chaguo langu kwenu ni Decap, ambayo hadi 2023 iliitwa Netlify CMS, pamoja na Hugo. Decap haina hifadhidata. Makala huhifadhiwa kama faili za kawaida za Markdown ndani ya ghala la Git, zikiwa na historia ya nani alibadilisha nini na lini. Kampuni zote zikifunga milango kesho, faili hizo zitafunguka kwa programu yoyote ya kuandikia. Ina pia hatua tatu za uhariri, rasimu, inahakikiwa na tayari, ambazo zinafaa mno kwa makala za dawa za mimea, kwani kosa la kipimo huko ni hasara ya msimu mzima.

Kasoro yake ni kwamba huwa rahisi zaidi kwenye kompyuta kuliko kwenye simu, na kila mhariri anahitaji akaunti ya GitHub, mahali ghala lenu litakapokaa. Kwa hiyo waandishi watume makala na picha kwa WhatsApp, na wahariri wawili au watatu waziingize wakiwa saiba au shuleni. Msiione njia hii kuwa duni. Hata katika magazeti makubwa mwandishi haweki makala yake ukurasani mwenyewe.

Gharama ni ipi?

Mwaka hadi mwaka mtalipia jina la tovuti. Majina ya .ke yako chini ya KENIC na huuzwa na mawakala wake: .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .co.ke kwa biashara, .sc.ke kwa shule. Kuhifadhi kurasa ni bure kwa kiwango chenu katika GitHub Pages, Cloudflare Pages au Netlify. GitHub Pages inataka tovuti isizidi GB 1 na matumizi yasipite kama GB 100 kwa mwezi, na haikusudiwi kuendesha duka. Gharama iliyobaki ni muda wa watu, nayo mwihesabu kama pesa.

Haiwezi kuvamiwa?

Inaweza, ila milango ni michache. Januari 2012 mvamizi kutoka Indonesia aliharibu tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo. Tovuti tuli haina hifadhidata ya kudanganywa, na wahariri wa Decap huingia kwa akaunti zao za GitHub. Panapobaki hatari ni kwenye akaunti: ya GitHub, ya wakala wa jina, na ya baruapepe inayozifungua zote mbili. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili kila mahali.

Bei ya gunia hubadilika kila siku. Tovuti "tuli" itawezaje?

Mashine ya kujenga inaweza kupangiwa saa. Mtu anajaza bei za masoko ya Kitale na Chwele jioni, na alfajiri kurasa zinajengwa upya. Ikiwa mnataka bei ibadilike kila dakika, au wanachama waingie kuona akiba zao, hapo mnahitaji mfumo mwingine, na nisingewashauri kuulazimisha huu.

Uangalieni pia mchezo wa saa. Hugo haichapishi makala yenye tarehe ya mbele, na mashine za kujenga kwa kawaida hufuata saa ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Makala mliyoiandikia saa mbili asubuhi bila kutaja eneo la saa itasomwa kama ya saa tano yetu. Ujenzi wowote wa kabla ya saa tano utairuka, na mtadhani mfumo umeharibika. Dawa yake ni mstari mmoja katika mipangilio: timeZone iwe Africa/Nairobi.

Mimi ni mwalimu. Je, tunaweza kuweka Kisabaot na Kibukusu kando ya Kiswahili?

Mwalimu, mnaweza, na ningefurahi sana kuona hilo. Hugo hushughulikia lugha nyingi, kila lugha ikiwa na kurasa na menyu yake. Hakikisheni kila ukurasa umetajiwa lugha yake kwa msimbo: sw kwa Kiswahili, spy kwa Kisabaot, bxk kwa Kibukusu. Msimbo huo huiambia mitambo ya utafutaji na programu za kusomea wasioona kwamba hiki si Kiingereza kilichokosewa. Msitafsiri kila kitu. Simulizi ya mzee ikae katika lugha aliyoisimulia, na muhtasari wa Kiswahili uwe juu yake. Kwa picha za wanafunzi, pateni idhini ya wazazi kwanza, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka.

Shule isiyo na intaneti pia isiachwe. Mwambieni fundi aweke relativeURLs na uglyURLs kuwa kweli (true), ajenge nakala ya pili, aiweke kwenye flashi. Itafunguka katika kompyuta yoyote ya maabara, viungo vyake vya ndani vikifanya kazi.

Na fundi aliyetujengea akihamia Nairobi?

Atahamia, vijana wenye ujuzi huhama. Kwa hiyo jina la tovuti lisajiliwe kwa kikundi, si kwa fundi, na kwa baruapepe ya kikundi. Ghala la Git liwe na wasimamizi wawili au zaidi, mmoja wao akiwa mtu mwenye mizizi hapa: mwalimu, mkutubi, mweka hazina. Andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kila akaunti ni ya nini, jina hulipiwa lini, na makala huchapishwa vipi. Kisha, fundi angali hapa, mwombeni akae kando bila kugusa kitu huku mtu mwingine akiufuata ukurasa huo kuchapisha makala moja tangu mwanzo hadi ionekane kwenye simu. Kila anapokwama, ongezeni mstari. Malipo ya mwisho ya fundi yatolewe baada ya hapo.