Faraja kwa Wasiojaliwa Mtoto

Masomo: 1 Samweli 1:1–20, Luka 1:5–25, Ayubu 2:11–13



Huku Kiswere, kama pwani yote toka Kilwa hata Lindi, mama huitwa kwa jina la mtoto wake. Asiye na mtoto hukosa hata jina la kuitwa. Tena kwa makabila yafuatayo ukoo wa mama, kama Wamwera na Wamakonde, binti asipozaa ndugu zake huona ukoo unakatika. Mzigo wote humwangukia mwanamke. Tuangalie Maandiko yanatufundisha nini.

1. Hana. Penina alimchokoza mwaka hata mwaka, naye akalia, asile. Mumewe alimpenda, lakini alitaka anyamaze upesi. Kuhani Eli alipoona midomo yake ikitikisika alimdhania mlevi. Hatimaye Eli alimsikiliza, akambariki. Ndipo Hana alipokwenda zake, akala, na huzuni ikamwondoka usoni. Angalieni, wakati huo alikuwa bado hajachukua mimba. Faraja ilitangulia mtoto. Mtoto hatuwezi kumpa mtu, bali kumsikiliza twaweza.

2. Si adhabu. Luka atuambia kwamba Zakaria na Elisabeti wote wawili walikuwa wenye haki mbele za Mungu, wala hawakuwa na mtoto. Basi tusitafute dhambi wala mchawi. Waliokaa pamoja miezi 12 bila kupata mimba, waende hospitali, kama vile Sokoine ya Lindi mjini, Nyangao au Ndanda. Mke aliyepita miaka 35 asingoje zaidi ya miezi 6. Waende wote wawili. Pengine mirija ya mke imeziba kwa kisonono au klamidia isiyotibiwa, na huenda aliambukizwa bila kosa lake. Pengine mbegu za mume ni chache au dhaifu, ingawa ana nguvu zake zote. Kumpima mke peke yake ni kufanya nusu ya kazi.

3. Mimba inapotoka. Katika kila mimba 100 zilizojulikana, 10 hata 15 hutoka. Mara nyingi, katika miezi ya kwanza, ni kwa sababu mtoto hakuumbika sawasawa, wala si kosa la mama. Lakini malaria na kaswende zaweza kuzuiwa. Mama aanze kliniki mapema, apimwe damu, ameze vidonge vya SP apewavyo, alale katika chandarua. Akionekana na kaswende, mumewe naye atibiwe. Akitokwa na damu, akipata homa, au mtoto akiacha kucheza, asingoje kesho.

4. Ndoa ni kamili. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 chataja watoto kati ya makusudi ya ndoa, lakini chataja pia kusaidiana na kufarijiana katika raha na shida. Hata kwa bibi arusi aliyepita umri wa kuzaa, sala ya kuomba watoto huachwa, na ndoa yake ni ndoa. Basi asiyezaa asirudishwe kwao kama mzigo usionunuliwa.

5. Kazi yetu. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba pasipo kusema neno. Hapo walifanya vema. Walipoanza kumshtaki ndipo walipoharibu. Nasi tusimwulize mwenzetu, "Bado tu?" Tusimhimize mume aoe mwingine. Mimba ikitoka tumpe mama pole kama mfiwa, tumtekee maji, tumpikie, wala tusimsahau baba. Tuliyoambiwa yabaki kifuani.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini Hana alifarijika kabla ya kupata mtoto?
2. Ni maneno gani tuyasemayo arusini na kwenye ubatizo yawachomayo wasio na watoto?
3. Nani katika mtaa wetu, mama mmoja na baba mmoja, wawezao kufuatana na mume na mke hadi hospitali?

Tuchukuliane mizigo. Amina.