Somo la Kiingereza: Neno Dogo Ligeuzalo Maana

Mtu akikaa Tezo, kando ya barabara itokayo Kilifi kwenda Malindi, husikia Kigiriama, Kichonyi na Kiswahili kutwa nzima. Kiingereza husikika kwa nadra. Lakini karatasi zenye uzito aghalabu hufika zikiwa zimeandikwa kwa lugha hiyo: barua ya kazi, maagizo ya hospitali, mkataba wa shamba. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilivitaja Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili. Hata hivyo, mwenye kukijua kimoja tu bado hupata taabu mbele ya meza ya karani.

Wengi waliopita shuleni huyajua maneno kama “look”, “put” na “sign”. Ajabu ni kwamba mtu huweza kusoma barua ambayo kila neno lake analijua, na asipate maana yake. Sababu ni kuwa Waingereza hupenda kukiandamisha kitenzi na neno dogo, kama “up”, “off”, “out” au “after”, na hayo mawili yakishakutana huzaa maana mpya. Vitenzi vya namna hii huitwa “phrasal verbs”.

Msomaji asivunjike moyo akidhani kuwa jambo hili ni geni kabisa. Katika Kiswahili, “amehama Tezo” na “amehamia Tezo” hutofautiana kwa herufi moja tu, lakini mmoja ameondoka na mwingine amefika. Vivyo hivyo, mlango uliofungwa si mlango uliofunguliwa. Mswahili hugeuza mkia wa kitenzi. Mwingereza hukiacha kitenzi kama kilivyo, akaweka neno dogo nyuma yake. Kwa hiyo asemaye kuwa maneno hayo madogo si kitu ni sawa na asemaye kuwa kuhama na kuhamia ni mamoja.

Tena ugumu huu haukuanza leo. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri mjini London mwaka 1755, alieleza katika dibaji kuwa vitenzi vya namna hii ndivyo viwapavyo wageni shida kubwa kuliko yote. Na Mwingereza ajifunzaye Kiswahili naye ana yake: akishajua kuwa kupiga ni kuchapa, husikia watu wakipiga pasi, wakipiga simu na kupiga picha, akashangaa vitu hivyo vimekosa nini.

Haya basi, tazama kitenzi “look”. “Look at” ni kutazama. “Look for” ni kutafuta. “Look after” ni kutunza. “Look into” ni kuchunguza jambo. Mtu akiandikiwa kuwa ofisi “will look into your complaint”, ajue kuwa malalamiko yake yatachunguzwa. Hakuahidiwa zaidi ya hayo.

Kitenzi “put” nacho kina watoto wengi. “Put on” ni kuvaa. “Put out” ni kuzima moto. “Put up with” ni kuvumilia. “Put off” ni kuahirisha. Hapa pana hatari, kwa kuwa “call off” ni kufuta kabisa. Mkutano ulio “put off” utafanyika siku nyingine. Ulio “called off” hautafanyika. Azichanganyaye mbili hizi huenda akakosa mkutano wa wazazi, au akafunga safari bure.

Katika maombi ya kazi, “fill in” ni kujaza fomu, na “hand in” ni kuipeleka kunakotakiwa. Ombi lililokuwa “turned down” limekataliwa. Neno “down” lisimdanganye msomaji kuwa karatasi imewekwa chini ili ishughulikiwe baadaye.

Hospitalini napo pana maneno ya kuangaliwa. “Cut down on salt” ni kupunguza chumvi, lakini “cut out salt” ni kuiacha kabisa. Mgonjwa akiambiwa “do not run out of your tablets”, maana yake ni kuwa asikubali vidonge vimwishie. Akachukue vingine mapema. Hapana habari ya kukimbia hapo.

Jambo kubwa zaidi ni ardhi. “Sign for” ni kutia sahihi kuonyesha kuwa umepokea kitu, kama barua au mzigo. “Sign away” ni kuipoteza haki yako kwa kutia sahihi. “Hand over” ni kukabidhi kitu kitoke mikononi mwako kiingie mikononi mwa mwingine. Mzee mwenye mikorosho na minazi yake, akiletewa karatasi yenye maneno kama hayo, asitie sahihi wala kidole kabla ya kusomewa na mtu anayemwamini, sentensi kwa sentensi. Kalamu huandika mara moja, na kuifuta sahihi ni kazi ya mahakama.

Kanuni tatu zatosha kwa kuanzia.

Kwanza, kitenzi na neno lake dogo vijifunzwe pamoja, kama neno moja. Katika daftari usiandike “give” peke yake. Andika “give up”, kukata tamaa au kuacha. “Give back”, kurudisha. “Give in”, kukubali kushindwa.

Pili, usitafsiri neno moja moja. Isome sentensi nzima, kisha ujiulize ni jambo gani liwezalo kusemwa mahali hapo.

Tatu, angalia mahali pa maneno “it”, “him”, “her” na “them”. Katika vitenzi vingi hukaa katikati: “put it off”, “fill it in”, “call it off”. Kusema “put off it” ni kosa. Lakini vingine havikubali kutenganishwa: husemwa “look after him”, wala si “look him after”. Kwa kuwa hakuna alama ionyeshayo kitenzi ni cha kundi gani, kila kimoja kiandikwe daftarini pamoja na mfano wake.

ZOEZI

Msomaji afunike majibu kwa mkono, kisha aeleze maana ya sentensi hizi:

1. She is looking after her sister's children.
2. The match was put off until Saturday.
3. He filled in the form and handed it in.
4. They put out the fire.
5. Do not sign away your land.

MAJIBU

1. Anawatunza watoto wa dada yake.
2. Mechi iliahirishwa hadi Jumamosi.
3. Aliijaza fomu akaipeleka ilikotakiwa.
4. Waliuzima moto.
5. Usiipoteze ardhi yako kwa kutia sahihi.

Aliyepata zote tano amefanya vyema. Aliyekosa asione haya, bali ayaandike aliyoyakosa, na ajifunze vitenzi vitatu kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.