MWANAFUNZI ASIYEJIANDAA KWA KIPINDI CHA MICHEZO: TUMFANYEJE?



Shukrani zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika toleo la mwaka huu tumeonelea tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni mwanafunzi anayekuja kwenye kipindi cha michezo bila ya kujiandaa.

Mnajua kwamba kila Jumamosi, baada ya darsa la asubuhi, tuna saa moja ya mazoezi ya viungo. Vijana hukimbia mchakamchaka na kucheza mpira. Mabinti huwa upande wao pamoja na mwalimu wao wa kike, wakiruka kamba na kucheza rede. Tumeagiza kila kijana aje na raba, fulana, na bukta inayopita magoti au suruali nyepesi. Na kila binti aje na suruali pana, gauni lisilobana na mtandio usiofunguka ovyo. Na kila Jumamosi, bila ya kukosa, wapo wanaokuja na kanzu na kandambili.

Zamani tulikuwa tunawasimamisha pembeni ya uwanja, na wengine tukiwapa jembe walime magugu. Tulidhani tunawafundisha nidhamu. Kijana mmoja alisimamishwa hivyo Jumamosi tatu mfululizo, na ya nne hakuja. Siku za masomo nazo hakuonekana tena. Tulipokwenda kwao, mama yake alitueleza bila ya hasira, na hilo ndilo lililotuuma zaidi. Alisema nyumbani kuna raba jozi moja, na Jumamosi huivaa kaka yake anayepeleka ng'ombe mnadani. Sisi tulikuwa tumemuuliza mtoto yule mbele ya wenzake wote kwa nini hana raba. Alinyamaza kwa haya, nasi ukimya wake tukauita jeuri.

Baada ya hapo tulirudi vitabuni. Katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim imepokewa kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliendesha mashindano ya farasi. Farasi waliotayarishwa, yaani waliolishwa kwa mpango mpaka wakawa wepesi na wenye pumzi, walikimbia kutoka Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa. Wale ambao hawakutayarishwa hawakufukuzwa uwanjani. Waliwekewa mbio zao wenyewe, kutoka Thaniyyatul-Wadaa mpaka msikiti wa Bani Zurayq. Mpokezi mmoja wa hadithi hiyo, Sufyaan, aliyakadiria masafa ya kwanza kuwa maili 5 au 6, na ya pili kuwa maili 1.

Hadithi hii tuliisoma tulipokuwa tukichukua stashahada, katika mlango wa mashindano na zawadi zake, tukajibia mtihani, tukaisahau. Hatukuona kuwa ndani yake mna jibu la mwalimu aliyesimama uwanjani na filimbi mdomoni. (Watoto wetu si farasi, tunajua, lakini kama mnyama asiye tayari alipangiwa sehemu yake, mtoto wa Muislamu anastahiki zaidi.)

Basi siku hizi hakuna anayesimama pembeni. Kabla ya filimbi tunampitia kila asiye na vifaa na kumuuliza kwa sauti ya chini, yeye peke yake. Asiye na raba hukimbia pekupeku kwenye majani, mbali na changarawe, na mbio zake huwa fupi. Aliyekuja na kanzu hanyooshewi kidole, ila hakimbii nayo, kwani kanzu humkwaa mtu akaanguka. Huyo hunyoosha viungo, huhesabu mizunguko ya wenzake, au huwa mwamuzi. Mwenye homa au pumu hukaa kivulini, na tunamuomba mzazi atujulishe mapema ili tusibahatishe.

Upo upande wa pili ambao hatutaki kuuficha. Wapo wenye raba kabatini wanaoziacha makusudi, kwa kuwa wanapenda kukaa na kupiga soga. Kumsimamisha pembeni mtu wa namna hii ni kumpa zawadi. Yeye huingia mazoezini kama alivyo, na baada ya kipindi hubaki kukusanya mipira na kamba. Akirudia mara ya tatu tunazungumza na mzazi wake.

Baadhi ya wazazi hutuambia, "Ustadh, mchape tu." Tunawashukuru kwa kutuamini, lakini hapana. Hata huko mashuleni, kanuni za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, kutoa viboko visivyozidi 4, kwa kosa kubwa, na viandikwe kitabuni. Sasa raba iliyosahauliwa ni kosa kubwa? Muawiya bin Al-Hakam (R.A.) alizungumza ndani ya swala kwa kutojua, watu wakamkodolea macho. Mtume (S.A.W.) alipomaliza kuswali hakumkaripia wala hakumpiga, bali alimfundisha. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba hakupata kumuona mwalimu bora kuliko huyo.

Kuhusu mabinti, mwalimu wao ametueleza kwamba wengi wanaosema wamesahau hawakusahau. Hawana nguo ya kukimbilia itakayowasitiri, au wamo katika siku zao na wanaona haya kusema. Kwa hiyo binti akimwambia mwalimu wake "leo sipo sawa", inatosha, haulizwi zaidi. Na wanaodhani stara na michezo haviendi pamoja wakumbuke kwamba Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume (S.A.W.). Hata wakubwa wa mpira duniani, FIFA, waliruhusu rasmi hijabu uwanjani mwaka 2014, na wale wa mpira wa kikapu, FIBA, mwaka 2017.

Wazazi wa hapa kwetu Nyanungu, tunayajua mazingira yenu. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali, lakini sare na viatu bado viko juu yenu, na madrasa nayo inaagiza. Wakati wa mvua nguo iliyofuliwa Ijumaa jioni haikauki kufikia Jumamosi asubuhi. Ifueni Alhamisi. Usiku wa kuamkia Jumamosi mtoto mwenyewe aiweke nguo yake karibu na juzuu yake, asingoje kuwekewa na mama.

Tumeweka pia sanduku katika chumba cha walimu. Mwenye raba iliyombana mwanawe, au fulana isiyovaliwa, ailete. Anayehitaji aje kuchukua wakati wa mapumziko, haandikwi jina.

Yule kijana alirudi baada ya wiki kadhaa, tulipokwisha kumuomba radhi yeye na mama yake. Hukimbia pekupeku, na raba za sandukuni bado hazijamtosha, mguu wake ni mkubwa. Mwenye namba 9 atukumbuke.

Wabillahi tawfiq.