Nguvu Mbili Zikivuta Kitu Kimoja

Wengi hudhani ya kuwa watu saba wakivuta gogo, sharti gogo lipate nguvu za watu saba. Sivyo. Yategemea kamba zao zaelekea wapi.

Tuseme gogo la mvule limefungwa kamba mbili. Watu watatu wavuta kwenda kaskazini, wanne kwenda mashariki, na wote ni sawa kwa nguvu. Gogo haliwafuati hawa wala wale, bali hushika njia ya kati, iliyo karibu zaidi na wale wanne. Nazo nguvu zilivutazo ni za watu watano tu. Asiyeamini na achukue kijiti, achore mchangani mstari wa shibiri 3 kwenda kaskazini, na kutoka mwanzo ule ule mstari wa shibiri 4 kwenda mashariki. Aongeze mistari miwili mpaka lipatikane umbo kama la mlango. Kisha na apime toka pembe ya mwanzo mpaka pembe iliyo mkabala nayo: ni shibiri 5. Isaac Newton, Mwingereza, aliieleza kanuni hii katika kitabu chake kilichopigwa chapa mwaka 1687.

Wote saba wakivuta upande mmoja, nguvu zote saba zapatikana. Kamba zikizidi kuachana, nguvu zazidi kupotea. Hata watatu wakivuta huku na wanne kule, yabaki nguvu ya mtu mmoja. (Tena ardhi nayo hulizuia gogo, kwa hiyo huyo mmoja hatalisogeza.)

Lakini nataka hasa kusema juu ya kengele zitundikwazo katikati ya kamba, kati ya miti miwili. Mafundi wengine huona fahari kamba ikikazwa hata ikaribie kunyoka. Hiyo ni hatari kwa watoto wapitao chini yake! Kwani nusu mbili za kamba zavutana karibu kama maadui, moja huku na moja kule, na sehemu ndogo tu ya nguvu zao yaelekea juu kuishika kengele. Miti ikiwa mbali futi 20, na kamba ikishuka katikati futi 1 tu, kengele ya ratili 100 huivuta kamba kwa nguvu ya ratili 500 na zaidi kidogo. Ikilegezwa mpaka ishuke futi 5, yavutwa kwa ratili 112 hivi.