Somo la 14: Sheria ya Ohm Kazini – Skrini ya Geji ya Pikipiki ya Majini Inapozimika

Malengo. Baada ya somo hili uweze: (a) kueleza kwa nini volti hupotea kwenye kiungo kibovu, (b) kukokotoa ukinzani wa kiungo hicho, (c) kupanga hatua za kutafuta hitilafu.

Utangulizi

Pikipiki za majini, kama zile zinazokodishwa kwa watalii Nungwi, Zanzibar, zina skrini inayomwonyesha dereva kasi, mafuta na joto la injini. Skrini ikizimika, injini inaweza kuendelea kunguruma kama kawaida, lakini dereva hajui mafuta yamebaki kiasi gani. Yakimwishia mbali na ufuko, maji humchukua. Fundi mwenye haraka hununua skrini mpya, naye hushangaa ikikataa kuwaka. Huenda ubovu haukuwa kwenye skrini. Pima kwanza, ndipo ubadilishe.

Dalili na chanzo kinachowezekana

- Skrini haiwaki kabisa: fyuzi imeungua, waya umekatika au kiungo kimeoza.
- Skrini huzima unapowasha injini: betri dhaifu. Mota ya kuwashia huvuta mkondo mkubwa, na volti ya betri hushuka.
- Kipimo kimoja tu hakisomi: chunguza kihisi cha kipimo hicho na waya wake. Umeme wa skrini ni mzima.
- Skrini hufifia au huwaka na kuzima: kiungo kina kutu. Maji ya chumvi huozesha shaba, nayo hufunikwa na kutu ya kijani isiyopitisha umeme vizuri.

Hatua za kupima

1. Kagua fyuzi.
2. Pima betri injini ikiwa imezimwa. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 V.
3. Pima volti kwenye soketi ya skrini, skrini ikiwa imeunganishwa na imewashwa.
4. Pima kati ya waya hasi wa skrini na ncha hasi ya betri. Jibu liwe karibu na 0 V.

Hatua ya 3 ina mtego. Ukichomoa soketi kisha ukapima, voltimita itasoma 12.6 V hata kama kiungo ni kibovu. Sababu ni kwamba voltimita ina ukinzani mkubwa sana, hivyo mkondo ni karibu sifuri. Kwa kuwa V = IR, I ikiwa sifuri hakuna volti inayopotea kwenye kiungo. Kasoro hujitokeza pale tu mkondo unapopita.

Mfano

Betri inasoma 12.6 V. Skrini ikiwa imewashwa, soketi yake inasoma 8.4 V na mkondo ni 0.3 A. Kati ya waya hasi wa skrini na ncha hasi ya betri kuna 4.2 V. Tafuta ukinzani wa kiungo kibovu.

*Jibu:*
Volti iliyopotea = 12.6 − 8.4 = 4.2 V
Yote imepotea upande wa hasi, kwa hiyo kiungo kibovu kiko huko.
R = V ÷ I = 4.2 ÷ 0.3 = 14 Ω

*Kosa la kawaida:* Wanafunzi wengi hugawanya 12.6 kwa 0.3 na kupata 42 Ω. Huo ni ukinzani wa sakiti nzima. Kwa kiungo, tumia volti ya kiungo.

Matengenezo

Fungua sehemu ya injini hewa iingie, maana mvuke wa petroli hulipuka kwa cheche. Ondoa waya hasi wa betri kwanza. Safisha kiungo mpaka shaba ing'ae, kaza, paka grisi ya kuzuia maji, kisha rudia hatua ya 3 na ya 4.

Maswali ya kujipima

1. Betri ina 12.5 V, skrini inapata 11.5 V na mkondo ni 0.25 A. Kokotoa ukinzani wa viungo na nyaya.
2. Geji ya mafuta haisomi lakini kasi inaonekana. Je, utabadilisha betri? Eleza.
3. Kwa nini tunapima skrini ikiwa imewashwa?

Majibu

1. 1.0 ÷ 0.25 = 4 Ω.
2. Hapana. Skrini inapata umeme; chunguza kihisi cha mafuta na waya wake.
3. Bila mkondo hakuna volti inayopotea, hivyo kiungo kibovu huonekana kizima.